Namna ya Kuunganisha Koloni kwa Waya Bila Kuzungumza na Mtu

Hongera, Bwana Mkubwa. Umepata koloni. Huenda uligawiwa mezani Berlin, au umelirithi kutoka kwa kampuni iliyoishiwa fedha, kama serikali ya Uingereza ilivyolirithi eneo la Afrika Mashariki kutoka kwa Imperial British East Africa Company mwaka 1895. Vyovyote iwavyo, mali sasa ni yako. Tatizo ni kwamba mali yenyewe iko mbali, jua lake ni kali, na watu wake wana tabia mbaya ya kuendelea na shughuli zao kana kwamba hukufika.

Dawa yake ni waya. Mwongozo huu utakuonyesha, hatua kwa hatua, jinsi ya kulifunga koloni lako kwa telegrafu hadi liwe karibu na wewe kabisa, huku wewe ukibaki mbali nalo vilevile. Njia hii ilijaribiwa katika karne ya kumi na tisa kutoka Aden hadi Durban, na mifano yetu mingi inatoka Ukambani, katika nchi ambayo leo ni kaunti za Makueni na Kitui. Makueni ilipata waya. Kitui ilipata somo la subira.

Vifaa vinavyohitajika

- Kebo ya baharini yenye moyo wa shaba uliofunikwa kwa gutta-percha, utomvu wa miti ya Malaya. Malaya nayo ni miliki yako. Ndiyo raha ya kuwa na makoloni mengi.
- Waya wa nchi kavu, maili kwa maili.
- Nguzo za chuma, pamoja na vikombe vya kauri vya kushikia waya ili umeme usivuje.
- Betri, kitufe cha kugongea, na orodha ya nukta na vistari ya Bwana Samuel Morse.
- Makarani kutoka Bara Hindi.
- Askari.
- Wenyeji: si lazima. Wakipatikana, watabeba nguzo.

Hatua ya 1: Pata aibu kwanza

Hakuna serikali inayotoa fedha kwa sababu jambo lina maana. Fedha hutolewa baada ya fedheha. Kwa hiyo kabla ya kuagiza waya, tafuta fedheha ya kutosha.

Fuata mfano wa Sir Bartle Frere. Wazanzibari walimjua tangu mwaka 1873, alipokuja kumshinikiza Sultani Barghash kuhusu biashara ya watumwa, na watu wa Mombasa wanalo jina lake hadi leo pale Frere Town. Baadaye alipelekwa Afrika Kusini, na huko akagundua faida kubwa ya kutokuwa na telegrafu: amri ya kukukataza jambo hukufikia ukiwa umeshalifanya. London haikutaka vita na Wazulu. Frere akawapa Wazulu masharti yasiyokubalika Desemba 1878, na tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Uingereza likavunjwa vipande Isandlwana. Habari zilisafiri kwa meli hadi visiwa vya Atlantiki palipokuwa na kebo, zikaingia London tarehe 11 Februari. Siku ishirini nzima dola kubwa kuliko zote duniani haikujua kwamba imepigwa.

Baada ya hapo fedha zilipatikana upesi. Kabla mwaka huo haujaisha, Eastern and South African Telegraph Company ilikuwa imelaza kebo kutoka Aden hadi Zanzibar, ikashuka Msumbiji, ikapita Lourenço Marques na kufika Durban. Zingatia, Bwana Mkubwa: Zanzibar haikuletewa telegrafu kwa kuwa ina mengi ya kusema. Iliipata kwa kuwa ilikuwa njiani.

Hatua ya 2: Jaribu mtambo kwa kumpiga mtu

Chombo kipya lazima kijaribiwe. Mombasa iliunganishwa na Zanzibar kwa kebo mwaka 1890, na Imperial British East Africa Company ikaweza kupokea maagizo ya London bila kungoja meli ya barua. Lakini jaribio lenyewe hasa lilifanyika Zanzibar, Agosti 1896.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25. Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila kubisha hodi kwa Waingereza. Balozi Basil Cave hakutaka kurudia makosa ya Frere, basi akauliza London kwa waya kama anaruhusiwa kutumia mizinga. Jibu likarudi tarehe 26: achukue hatua yoyote atakayoona inafaa, serikali itamuunga mkono, ila asijaribu lolote asilo na hakika ya kulifaulisha. Tarehe 27, saa tatu na dakika chache asubuhi, manowari zikafungua mizinga. Kabla saa nne haijagonga, kasri lilikuwa kifusi na watu wapatao mia tano walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Alasiri ya siku hiyo Hamud bin Mohammed alikalishwa kitini.

Matokeo ya jaribio: bora kabisa. Ruhusa ya kuua ilichukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe, lakini ilikuja kwa maandishi.

Usimsahau Sultani Hamud. Tutakutana naye tena katika hatua inayofuata, akiwa stesheni.

Hatua ya 3: Chora njia, usiulize aliyetangulia kuipita

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Dola haina wahenga, kwa hiyo endelea.

Ukiuliza, utaharibu kazi. Utaambiwa kwamba Wakamba walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani miaka mingi kabla hujazaliwa. Utaambiwa habari za Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ambaye misafara yake ilijulikana hadi Rabai, na ambaye mwaka 1849 alimpokea mmisionari Johann Ludwig Krapf nyumbani kwake. Kutoka Kitui ndiko Krapf alikouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka huo, akapeleka habari Ulaya, na mabingwa wa jiografia wakamcheka kwa kusema kuna theluji karibu na ikweta. Ukishasikia hayo yote utaanza kudhani kwamba Kitui tayari imeunganishwa na dunia, na kwamba wasioijua habari hiyo ni wale wa dunia. Fikra kama hizo hazina nafasi katika bajeti.

Fanya hivi: mtume Kapteni Macdonald na wapima wake, kama ilivyofanyika mwaka 1891 na 1892. Kisha laza reli kutoka Mombasa mwaka 1896 na uutundike waya kando yake, nguzo baada ya nguzo. Ukivuka mto Tsavo utaingia Mtito Andei, kisha Kibwezi, Makindu, Simba, Emali, Sultan Hamud na Kima. Hiyo yote leo ni Makueni au mpakani mwake.

Sultan Hamud ndiye yule yule aliyekalishwa kitini kwa mizinga na kebo katika hatua ya pili. Jina lake likabandikwa kwenye stesheni katikati ya mbuga, mbali na bahari, mbali na karafuu, katika nchi ambayo hakuitawala hata kidogo. Hivyo ndivyo waya unavyounganisha watu: Mzanzibari anapewa stesheni Ukambani, Mkamba hapewi hata kibao.

Na Kitui? Kitui iko upande wa pili wa mto Athi na uwanda wa Yatta, nje ya njia iliyonyooka kwenda Uganda. Usihangaike. Afisa wako wa Kitui atatumia tarishi wa miguu, yaani teknolojia ile ile aliyoitumia Kivoi, isipokuwa Kivoi aliiendesha vizuri zaidi.

Hatua ya 4: Iajiri ardhi, usiilipe

Mtambo wa umeme unahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Fundi asiye na uzoefu atakuomba nyaya mbili. Mkatalie. Tundika waya mmoja tu, kisha uchomeke ncha ardhini katika kila stesheni. Umeme utakwenda kwa waya na kurudi kwa udongo. Kwa njia hii, kila neno lililotoka Mombasa kwenda bara lilipita mara mbili Makueni: mara moja juu ya vichwa vya watu, na mara moja chini ya miguu yao.

Udongo wa Ukambani, basi, ndio mwenyeji wa kwanza kuajiriwa katika idara ya simu. Ulifanya kazi usiku na mchana, haukudai mshahara, na haukuelewa ujumbe hata mmoja. Utawala ulipendezwa mno na utumishi huo, hata mwaka 1902 ikatungwa Sheria ya Ardhi za Taji ili mfanyakazi huyo asije akadhani ana mwenyewe.

Wenyeji wengine hawatakuwa watiifu kiasi hicho. Mchwa watakula nguzo za mti, ndiyo maana tumekuandikia za chuma. Tembo atajikuna kwenye nguzo hizo za chuma mpaka zilale. Twiga ataukata waya kwa shingo, kwa kuwa hakuna aliyempelekea tangazo. Usimpeleke twiga mahakamani. Inua waya na uendelee.

Hatua ya 5: Tundika fedha hadharani, kisha shangaa

Hapa maafisa wengi hujikwaa, kwa hiyo soma polepole.

Kwa miaka mingi misafara ya pwani iliingia bara na mizigo ya aina tatu: shanga, kitambaa cha amerikani, na waya wa shaba na chuma. Waya ulikuwa sarafu. Kwa waya ulinunua chakula, ulilipa ushuru wa njia, uliposa. Mafundi wa Kikamba walikuwa hodari wa kuuvuta na kuusokota mpaka ukawa mikufu myembamba ambayo wageni waliistaajabia.

Sasa wewe unakuja, unachukua sarafu hiyo, unaitundika juu ya nguzo kwa mamia ya maili, bila mlinzi, bila ukuta, halafu unaandika katika ripoti kwamba wenyeji ni wezi. Ni sawa na mtu kuanika noti kwenye kamba ya nguo kutoka Mombasa hadi Kisumu kisha akalalamika kuhusu upepo.

Usijilaumu, lakini. Waya uliokatwa una matumizi mazuri kuliko waya mzima. Waliokuwa mashuhuri kwa kuuchukua ni Wanandi, na kila kipande kilichopotea kwao kilihesabiwa kama shambulio dhidi ya Taji. Misafara ya kijeshi ikawafuata mmoja baada ya mwingine, mpaka Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani na kupigwa risasi na afisa Richard Meinertzhagen. Ukitafuta sababu ya kuivamia nchi, tundika sababu hiyo juu ya nguzo na usubiri.

Hatua ya 6: Mweke karani mahali asipopenda

Waya hauna ulimi wake. Unahitaji mtu wa kugonga kitufe. Usimfundishe mwenyeji bado, maana akijua kugonga atajua na kusoma, na akijua kusoma ataanza kusoma za kwako. Agiza makarani na stesheni masta kutoka Bara Hindi. Karibu vibarua 32,000 waliletwa kutoka huko kwa kazi ya reli, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Makarani walikaa katika vibanda vya mabati, kimoja hapa, kingine maili nyingi mbele, na kati yao palikaa simba.

Makueni ndiko telegrafu ilikojipatia sifa ya fasihi. Stesheni masta wa Kima aliwahi kumgongea meneja wa usafiri kwamba simba anapigana na stesheni na kwamba msaada unahitajika upesi. Hakutia chumvi: mnyama alikuwa juu ya paa akijaribu kuyang'oa mabati. Katika stesheni nyingine ilipelekwa habari kwamba mfanyakazi wa reli amezungukwa na simba wawili, amepanda nguzo ya simu, na treni inaombwa isimame ili imchukue pale juu. Huyo ndiye mtu wa kwanza Ukambani aliyepata faida ya moja kwa moja kutoka kwa nguzo ya simu.

Juni 1900 afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alilala ndani ya behewa pale Kima akimvizia simba mla watu. Alishikwa na usingizi, simba akaingia, akamtoa kupitia dirishani. Habari ziliruka kwa waya. Simba alikwenda kwa miguu, na hakufikiwa na amri yoyote mpaka alipotegwa baadaye.

Tahadhari moja kuhusu wafanyakazi wa reli: wakikaa mahali muda mrefu hupata mazoea ya ajabu. Masingasinga wa reli walijenga hekalu Makindu mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote akiingia hupewa chakula na hatozwi senti. Haulizwi ametoka wapi wala dini yake. Mradi mzima uligharimu mamilioni ya pauni, na jengo ambalo watu wa kawaida wanalisifu zaidi kando ya njia hiyo ni jiko. Kosa kama hilo lisirudiwe.

Hatua ya 7: Chagua habari zinazostahili umeme

Waya una nafasi ndogo. Lazima uamue ni nani atakayepita.

Miaka ile ile reli na waya vilipokuwa vikikatiza Makueni, mvua zilikataa kunyesha. Wakamba huwa wanazipa njaa zao majina, na ile ya mwisho wa karne waliiita Yua ya Ngomanisye, njaa iliyokuwa kila mahali. Ilikuja baada ya sotoka kumaliza ng'ombe, na ikaandamana na ndui. Watu waliacha mashamba ya Kilungu na Mbooni, waliacha vijiji vya Kitui, wakatawanyika kwenda kokote kulikosikika kuwa na nafaka. Wengi walifia njiani.

Ni kweli serikali na wamisionari waligawa chakula katika baadhi ya vituo, na reli ilibeba sehemu yake. Lakini linganisha kumbukumbu. Simba wa Tsavo na Kima waliandikiwa vitabu, wakatengenezewa filamu, na simba wawili wa Tsavo wamesimamishwa katika jumba la makumbusho kule Chicago. Vibarua waliouawa nao kwenye kambi za reli waliwekwa katika hesabu ya mtu fulani. Ngomanisye ilikula watu wengi kupita simba wote wa nchi hii, na ushahidi wake umebaki katika majina ya marika na masimulizi ya wazee.

Sababu ni ya kiufundi. Simba alichelewesha treni. Njaa haikuchelewesha kitu.

Hatua ya 8: Okoa maneno

Telegramu hulipiwa kwa neno, na safari ya baharini ni ghali. Wafanyabiashara walinunua vitabu vya mafumbo kama ABC Code, kilichotoka miaka ya 1870, ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima. Wewe huna haja ya kitabu. Utawala una mafumbo yake, nayo hayazeeki. Tumekuandalia orodha fupi uibandike karibu na kitufe:

- HALI TULIVU: hatujatoka nje ya boma wiki hii.
- WENYEJI WARIDHIA: tuliwaambia, hawakutuelewa, tukaondoka.
- WENYEJI WAKAIDI: walituelewa.
- KODI YAENDELEA VEMA: nyumba zilizochomwa ni chache kuliko za mwaka jana.
- UHABA KIDOGO WA CHAKULA: tazama hatua ya saba.
- NAOMBA MAAGIZO: nimeshafanya, naomba ruhusa ya tarehe ya jana.
- NCHI IMEUNGANISHWA: waya umepita.

Kwa orodha hii, mtu anayekaa London anaweza kuijua Makueni vizuri sana asubuhi moja, kabla hajamaliza chai.

Hatua ya 9: Hakikisha kitufe kiko upande mmoja

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, zaidi ya kilomita 930 kutoka Mombasa, na kamishna sasa angeweza kuamrisha kutoka mwambao hadi Kisumu. Ukimwachia mtu wa Wote au Mutomo naye agonge kitufe, kazi yote ya hatua nane zilizopita imekwenda na maji.

Tunasikitika kukujulisha kwamba mbinu hii iliwahi kushindwa mara moja, na tunakueleza ili ujihadhari.

Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi na kwamba ng'ombe hao wanamaliza udongo, ule ule udongo mtumishi wa hatua ya nne. Kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River nacho kilikuwa na njaa yake. Ng'ombe wakaanza kukamatwa na kuuzwa kwa lazima katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilichukua na Makueni yote. Serikali ilikuwa na telegrafu, ilikuwa na simu ya mdomo, ilikuwa na gavana Brooke-Popham upande mmoja wa waya na Wizara ya Makoloni upande mwingine. Vyombo vyote vilikubaliana kwamba wenyeji wameridhia.

Julai mwaka huo, zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walifunga safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Hawakutegemea waya. Walikwenda Kariokor wakakaa chini, wakasema wanataka kumwona gavana. Wakakaa wiki kadhaa. Kwa ujumbe kama huo hakuna orodha ya mafumbo. Karani hawezi kuufupisha, wala hakuna kitufe cha kuuweka pembeni. Unapita nao barabarani kila asubuhi ukienda ofisini, na jioni bado uko pale, unapika.

Gavana ikambidi aende Ukambani kuzungumza na watu ana kwa ana, kitu ambacho nusu karne ya nyaya ilikuwa imemwepusha nacho. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, kwa kuwa lazima mtu aadhibiwe. Lakini uuzaji wa lazima wa ng'ombe uliachwa. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake.

Matengenezo na matumizi ya sasa

Usidhani mwongozo huu umepitwa na wakati. Mwaka 2009 kebo mpya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa, nazo hubeba picha na fedha badala ya nukta na vistari. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa karibu na ile ya zamani, ikaipa Makueni stesheni tena: Mtito Andei, Kibwezi, Emali. Kitui imepata lami ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo, na subira yake, tunavyoona, iko katika hali nzuri.

Kanuni hazijabadilika. Ukipeleka mlingoti mahali, uite maendeleo. Mwananchi wa Kyuso akipanda kilima kutafuta mtandao, andika kwamba eneo limefikiwa. Akituma ombi la maji kwenye jukwaa la serikali, mpelekee jibu la mashine linalomshukuru kwa kuwasiliana nasi. Ukame ukija, subiri uicheleweshe treni.

Kwa maswali, maoni au malalamiko kuhusu mwongozo huu, tafadhali usitume ujumbe. Hakuna ofisi itakayousoma. Njoo mwenyewe kwa miguu, uje na majirani, mbebe na sufuria. Katika historia yote ya mawasiliano Ukambani, hiyo ndiyo njia iliyopata jibu.